Kijana, Baridi na Kopo la Gesi

Tumchukulie kijana wa Tanga aliyepata kazi ya bohari Hamburg. Tangu tarehe 1 Aprili 2024 Ujerumani inawaruhusu watu wazima kuwa na kiasi kidogo cha bangi, jambo ambalo kwao Tanzania bado ni kosa la jinai. Kijana hakutaka moshi. Alisikia kuna vifaa vinavyopasha majani makavu bila kuyaunguza mpaka yatoe mvuke, akaenda kutafuta cha kutia mfukoni.

Dukani aliwekewa mezani vya betri na vya gesi. Vya betri akavikataa, maana simu tu humzimikia kila siku. Cha gesi kilijazwa mbele yake kwa kopo la butani, lile lile la kujazia vibiriti, ikawa imetosha. Alikipima uzito kiganjani, akageuzageuza mdomo wa kuvutia, akalipa. Moto wenyewe unaishije humo ndani, hakuuliza.

Na hapo ndipo penye uchaguzi hasa. Kampuni ya Oglesby & Butler ya Carlow, Ireland, inayojulikana kwa pasi za gesi za kulehemea, ilitengeneza kifaa kiitwacho Iolite ambamo butani hupita kwenye kichocheo na kuungua bila ndimi za moto, joto likibaki takriban nyuzi 190. Vingine havina kidhibiti cha namna hiyo. DynaVap ya Marekani hupashwa kwa kiberiti cha gesi kilichoshikwa mkononi, na kofia yake ya chuma hutoa mlio joto linapofika kiwango chake. Ukichelewa kuondoa moto baada ya mlio huo, majani yanaungua, nawe umenunua moshi kwa bei ya mvuke.

Cha kijana wetu kilikuwa cha aina ya kwanza, chenye tangi lake ndani, na kiangazi chote hakikumsumbua. Ikaja Januari. Akatoka kibarazani usiku, akabonyeza mara nne, tano, kikakataa kuwaka. Akadhani gesi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Butani huchemka kwenye nusu nyuzi tu chini ya sifuri. Baridi ikizidi hapo, hubaki kimiminika tangini na haitoi mvuke wa kutosha kuwaka. Tangi lililopoa hivyo huwa na shinikizo dogo mno, kwa hiyo hupokea gesi nyingi kuliko linavyostahili. Kijana aliingia jikoni, akachukua kopo lililokuwa karibu na jiko, lenye joto lake, akalisukuma kwenye valvu mpaka likarusha matone. Hakubakiza nafasi hata kidogo. Joto la jikoni lilipoanza kupenya, kimiminika kikatanuka, kikatafuta pa kutokea, na valvu ikaanza kuvuja.

Gesi ya mtungi wa kupikia hutiwa kemikali yenye harufu kali makusudi ili tuigundue. Butani iliyosafishwa kwa ajili ya vibiriti mara nyingi haina harufu hiyo. Halafu ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini na kutulia. Ilitulia kwenye mkono wake na mkono wa sweta. Alipobonyeza kuwasha, cheche ikaikuta hapo. Vidole vitatu vilivimba malengelenge, na mwenzake wa chumba akamshikilia mkono chini ya bomba la maji kwa dakika ishirini huku akimwambia, "Tulia kaka, usiutoe."

Kifaa kikikataa kwenye baridi, kitie mfuko wa ndani wa koti kipate joto la mwili kabla ya kukijaribu tena. Kikiwa kimeisha kweli, kijaze nje, mbali na moto, kikiwa kimepoa kutokana na matumizi lakini si cha baridi kali, kisha ngoja dakika kadhaa gesi iliyomwagika itawanyike. Kwa anayeishi penye theluji miezi mitatu, mimi ningemwambia wazi achukue cha betri. Nayo betri hudhoofika kwa baridi, ila ikidhoofika inazima tu.

Akienda likizo Tanga, kopo na kifaa chenyewe aviache Hamburg. Kopo la butani haliruhusiwi ndani ya ndege, si kwenye begi la mkononi wala kwenye mzigo, na mabaki ya bangi ndani ya kifaa yanaweza kumtia mashakani tangu uwanja wa ndege wa Dar es Salaam.