Haki Isiyo Yangu Kuisamehe

Mjomba wangu aliposikia kwamba naidai benki pesa za marehemu mume wangu, alinipigia simu kutoka Mombasa. "Mwanangu," aliniambia, "mwenzio ameshatangulia mbele ya haki. Na pesa zenyewe ni za mkopo wa riba. Subiri, mwachie Mungu." Mjomba ni mtu wa dini na neno lake halipuuzwi kwetu, kwa hiyo nililichukua kama swali linalostahili jibu. Je, mdhulumiwa akishtaki, amepungukiwa na sabra?

Mume wangu alikuwa dereva wa teksi hapa Coventry, amejiajiri mwenyewe. Mwaka 2004 alikopa paundi 7,000 za kununulia gari. Nilikuwa nimekaa kando yake pale benki, mtoto mapajani. Karani alisema mkopo hupita upesi ukiwa na bima, akageuza karatasi, akaonyesha pa kutia sahihi. Bima yenyewe ndiyo ile iliyojulikana Uingereza nzima kwa jina la PPI, ya kulipa marejesho ya mkopo pindi mkopaji akiugua au akiachishwa kazi. Karani hakumuuliza ameajiriwa na nani. Dereva anayejiajiri hana tajiri wa kumwachisha, na kwa masharti yale ingekuwa taabu kubwa kwake kulipwa kwa kukosa kazi. Ada yote, zaidi ya paundi 1,400, ilipachikwa juu ya mkopo siku ile ile, ikatozwa riba pamoja nao. Alilipa mpaka senti ya mwisho. Miaka kadhaa baadaye akafariki.

Hakuwa peke yake. Bima hizo ziliuzwa kwa mamilioni, nyingi kwa watu zisizowafaa. Chama cha mabenki kilikwenda Mahakama Kuu kupinga kanuni mpya za kushughulikia malalamiko, kikashindwa Aprili 2011. Fedha zilizorudishwa kwa wateja zilipita paundi bilioni 38. Katika kesi ya mteja mmoja aitwaye Plevin, iliyofika Mahakama ya Juu mwaka 2014, asilimia 71.8 ya ada ilikuwa kamisheni ya dalali na mkopeshaji, na mteja hakuambiwa.

Mjomba alinikumbusha sabra ya Nabii Yaakub, ambaye kwa kumpoteza Yusuf alimshtakia Mwenyezi Mungu peke yake huzuni yake. Ni kweli. Lakini aya inayofuata hapo hapo inamwonyesha akiwaamuru wanawe waende wakamtafute Yusuf wala wasikate tamaa. Huzuni aliipeleka kwa Mola wake, na miguu ya wanawe akaipeleka njiani. Qur'ani hiyo hiyo ina sura inayoitwa kwa mwanamke mlalamikaji, Al-Mujadila. Wafasiri humtaja kuwa Khawla binti Tha'laba, aliyekwenda kwa Mtume kumshtaki mumewe, akajadiliana naye, na Mungu akamsikia. Hakuambiwa arudi nyumbani akanyamaze.

Hata hivyo, hoja iliyonizidi nguvu ni nyingine. Kusamehe ni fadhila kubwa, lakini mtu husamehe kilicho chake. Mali ya marehemu ni mirathi. Kwa kuwa ameacha watoto, fungu langu mimi mjane ni thumuni tu. Mama yake ana sudusi, na kinachobaki ni cha wanawe. Nikinyamaza kwa jina la sabra, nimeisamehe benki kwa mali ya mayatima, nami sikupewa ruhusa hiyo na yeyote. Sura ya An-Nisaa inawakemea vikali wanaokula mali ya mayatima kwa dhuluma. Mimi nasema anayeiacha iliwe huku anaweza kuizuia naye atakuwa na la kujibu. Sabra juu ya haki yangu ni ibada. Sabra juu ya haki ya mwingine ni khiyana.

Tena kuna aliyedhulumu. Mtume alifundisha kwamba ndugu husaidiwa akiwa amedhulumiwa na husaidiwa akiwa dhalimu, na kumsaidia dhalimu ni kumzuia. Nilipoandika malalamiko yangu nilimkumbuka yule karani, kijana mpole aliyekuwa akitimiza alichoagizwa. Lalamiko la kweli humtetea hata yeye, kwa kuwa huvunja desturi iliyomfanya adhulumu bila kujiona.

Benki ilikataa kwanza. Nikapeleka shauri kwa Financial Ombudsman Service, msuluhishi asiyemtoza mlalamikaji hata senti, na hukumu ikaja upande wetu. Barua ya malipo ilikuwa na mistari minne: ada iliyorudishwa, riba iliyotozwa juu ya ada hiyo, nyongeza ya asilimia 8 kwa mwaka, na kodi iliyokatwa kwenye nyongeza. Mistari miwili ya kwanza ni pesa zilizotoka mfukoni mwa mume wangu, zikagawanywa kwa mafungu yake. Juu ya nyongeza, wako wanaoiona fidia ya kucheleweshewa haki, na wako wanaoiona riba ile ile. Sheikh wetu alishika kauli ya pili: si mali ya marehemu, haiingii kwenye mirathi, itolewe kwa wahitaji bila kutazamia thawabu. Tukatoa. Anayedai haki sharti naye akubali kusimama pale haki inaposimama.

Muda wa kudai PPI ulifungwa tarehe 29 Agosti 2019, lakini mikopo haijaisha. Malalamiko ya kamisheni zilizofichwa kwenye mikopo ya magari nayo yalifika Mahakama ya Juu mwaka 2025. Kwa hiyo nakusihi, wewe uliyeachiwa makaratasi ya marehemu wako: yafungue, yasome, uliza usichokielewa. Na kabla hujasema umesamehe, hakikisha unachokisamehe ni chako.