Fulana ya Mamba na Hesabu ya Nyumbani

Kijana wa miaka 15 hatamani shati kwa sababu anasikia baridi. Analitamani kwa sababu wenzake wa mtaani wanalo, na msanii anayempenda kalivaa kwenye video. Mzazi anayemfokea, "Kwani ulizonazo zina matundu?" hajajibu alichoulizwa.

Tuchukue fulana ya kola, hizi tunazoziita fomu siksi, yenye mamba mdogo kifuani. Ni nembo ya Lacoste, kampuni iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 1933 na mcheza tenisi René Lacoste, aliyekuwa akiitwa Mamba na waandishi wa habari. Ikiwa mpya, kwenye maduka ya kampuni huko ng'ambo, huuzwa karibu dola 100, kama shilingi 250,000 hivi. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma Tanzania, kwa nyongeza iliyotangazwa Mei Mosi 2025, ni shilingi 500,000. Nguo moja, nusu mshahara. Kijana hesabu hiyo anaiweza, asilimia alishasoma. Asichokijua ni kipato cha baba yake, maana nyumba nyingi hulifanya jambo hilo siri, kisha zikamlaumu mtoto kwa kutojua hali ya nyumbani.

Basi aelezwe. Si lazima mpaka senti ya mwisho. Mketishe mwisho wa mwezi na daftari, aandike kwa mkono wake: kodi, unga, luku, nauli, ada ya mdogo wake, hisa za kikoba. Kinachobaki akione mwenyewe. Halafu mkubaliane kiasi cha nguo zake kwa muhula, kiasi kisichoongezwa kwa kununa wala kwa machozi. Akitaka kukiweka hadi kifike bei ya anachokitamani, mwache akiweke. Miezi ya kusubiri itampa muda wa kujiuliza kama bado anakitaka.

Au mpeleke soko la mitumba la Karume, Ilala, asubuhi belo zinapofunguliwa. Za mamba zipo, za kweli na feki zikiwa zimerundikwa pamoja. Mfundishe kuigeuza fulana nje ndani. Mishono imenyooka, au nyuzi zinaning'inia? Kwapani pamepauka? Kola ukiikunja na kuiachia, inarudi? Fulana ya mamba ya kawaida ina vifungo vya kombe la chaza. Ukikigusisha kifungo shavuni utahisi kibaridi ambacho plastiki haina. Akizoea kukagua hivyo, atagundua mwenyewe kwamba ile ya chini ya rundo, pamba nzito na haina nembo yoyote, ndiyo itakayovumilia kufuliwa kila wiki. Hapo huna haja ya kumhubiria.

Feki mimi siiungi mkono, hata ikiwa rahisi. Anayemnunulia mtoto nembo ya uongo kwa makusudi anamfundisha kwamba ukweli wa jambo si muhimu mradi watu wasigundue.

Tusijidanganye pia kwamba tamaa hii imeletwa na simu peke yake. Mtoto anamwona mama akikopa kikoba anunue sare ya harusi ya mtu asiyemjua vizuri. Anamwona baba akibadili simu wakati ada haijalipwa. Baada ya hapo, wakimwambia ajikune mkono unapofika, atawaitikia kwa adabu tu, lakini somo alikwisha kulichukua kwingine. Anayetaka mwanawe akubali kukosa, na yeye asikike nyumbani akisema, "Sare hii sitaiweza, nitavaa gauni langu la mwaka jana."

Liko jambo zito zaidi. Siku mtoto akirudi na nguo ambayo hukuinunua, na bei yake unaikisia, usianze kwa kumsifia. Muulize imetoka wapi, nani kampa, kwa lipi. Kama ni binti, mama au shangazi amkalishe faraghani, amuulize kwa upole na asiharakishe jibu. Wapo watu wazima wanaowanasa watoto kwa nguo na simu, na wavulana hawajasalimika. Mzazi anayenyamaza kwa kuwa zawadi imempunguzia gharama amemkabidhi mwanawe kwa mtu asiyemjua. Uliza siku hiyohiyo.