Kitabu cha Bure na Kitabu Huru



Kisha ibada ya juma moja, kijana wa kwaya alinifuata nyuma ya kanisa. Yuko mwaka wa kwanza wa masomo makubwa hapa Kamina. Aliniuliza: «Papa, mwenzangu amenunua silabusi, nami nikaipeleka kwa mashini ya fotokopi kule sokoni. Nimeiba?» Aliniambia tena kwamba majina ya wanunuzi yanaandikwa kwenye listi, na asiye kwenye listi anaogopa siku ya kupewa pointi.

Sikumjibu upesi. Sisi tunajua kwamba kipawa hakiuzwi. Mgonjwa anayekuja kuombewa haulizwi faranga. Gehazi alimkimbilia Naamani kumtaka fedha, na ukoma wa Naamani ukamshika yeye. Lakini silabusi si maombi. Karatasi ilinunuliwa, wino ulinunuliwa, na mtu alikosa usingizi kwa kuiandika. Basi kusema tu kwamba kila kitu kiwe bure ni kumdhulumu mtenda kazi.

Na hilo neno «bure» linatusumbua. Katika lugha yetu lina sura mbili: kitu kisicholipiwa, na kitu kisicho na faida. Munakumbuka mwezi wa tisa 2019, Serikali ilipoanza kutimiza masomo ya msingi bila malipo, yaliyoandikwa katika Katiba ya 2006, kifungu cha 43. Tangu miaka ya 1990 wazazi ndio waliokuwa wanamlisha mwalimu. Mwaka ule watoto walijaa kalasi hata wakakaa chini. Wazazi wengine wakasema: masomo ya bure ni bure kweli. Walikosea, lakini si kabisa. Mlango wa kalasi ulifunguliwa, kitabu kikabaki kimefungwa. Katika kalasi nyingi mwalimu peke yake ndiye mwenye kitabu. Anaandika kwa ubao, watoto wanaandika katika kaye, na saa inaisha kabla ya kufahamu.

Nilitafuta mfano nje ya kanisa, nikaupata kwa watu wa ordinatere. Richard Stallman wa Marekani alikuwa na mashini ya kuchapa kazini iliyokwama kila mara. Alitaka kuitengeneza, akanyimwa maandiko ya programu yake. Mwaka 1983 akatangaza kazi ya GNU: programu ambazo kila mtu anaweza kuzitumia, kuzichunguza, kuzibadilisha na kuwagawia wengine. Hakukataza kuuza. Alikataza jambo moja: aliyepokea kwa mlango wazi asiufunge nyuma yake anapompa mwingine. Mwaka 1991 Linus Torvalds wa Finland akaanza Linux, na mwaka 1992 akaiweka chini ya sheria hiyo. Telefoni za Android munazobeba mfukoni zina Linux ndani yake. Kazi ile haikupotea kwa kuachwa wazi.

Hapo ndipo nilipoona kwamba «bure» na «huru» ni maneno mawili. Sisi tunayo yote mawili. Waingereza wana neno moja tu kwa mambo hayo, ndiyo maana Stallman alilazimika kueleza sana. Kitabu cha bure kinakuja kwa kamio, kinagawanywa, kinapasuka, kinaisha. Mara nyingine kimeandikwa juu yake kwamba hakiuzwi, nawe unakikuta sokoni kando ya sabuni. Kitabu huru hakiishi, kwa sababu aliye nacho ana ruhusa ya kukizaa tena. Wako watu wa Afrika ya Kusini walioanzisha African Storybook, hadithi za watoto katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili ndani yake. Mwalimu wa Kamina anaweza kuichukua hadithi, akaigeuza kwa Kiluba, akaichapa, bila kumwandikia mtu barua ya kuomba.

Lakini mwalimu atakula nini? Munajua kwamba wako walimu wanaofundisha miaka na miaka, majina yao hayajaingia katika listi ya mishahara. Kumwambia mtu kama huyo afungue kaye yake ni maneno mepesi kinywani mwa aliyeshiba. Wazo langu ni hili: tumlipe kwa kazi, tusimlipe kwa kufuli. Wazazi arobaini wakitoa kidogo kidogo mara moja kwa ajili ya masomo aliyoyaandika, atapata kuliko kuuza karatasi moja moja. Kisha kila mtoto achape, hata yule ambaye baba yake hakutoa kitu.

Kijana nilimjibu hivi: mwenye silabusi akikataza, usijifiche sokoni, nenda umwombe uso kwa uso. Na anayefunga pointi za mwanafunzi kwa listi ya wanunuzi, dhambi yake ni kubwa kuliko ya fotokopi. Nasema hivyo hata kama anaabudu pamoja nasi.

Kisha nikamwendea mwalimu mmoja wa hesabu, ndugu yetu, nikamwambia wazo la wazazi. Alinyamaza sana. Juma lililofuata alileta kaye yake, na kwenye ukurasa wa kwanza ameandika kwa biki: chapeni, mupatie wengine. Sura ya mwisho hakuileta. Anasema anangoja aone kama wazazi watatoa kweli.