Mchoraji na Ushahidi wa Jicho

Tumeulizwa swali ambalo kwa juu laonekana dogo, lakini ndani yake mna mambo ya dini na mambo ya akili. Mzazi mmoja asema kwamba mwanawe amefunzwa shuleni kuchora wanyama na watu kwa ile kanuni ya mbali na karibu, na sasa achora ng'ombe anayemjia mtazamaji, kichwa kikubwa mbele na kiwiliwili kimefupika nyuma yake, hata mtu adhania atatoka karatasini. Nyumbani wamegawanyika. Wako wasemao kwamba mchoro huo ni dhambi zaidi kuliko ule wa kitoto wenye miguu minne iliyopangwa safu, kwa kuwa huu walihadaa jicho. Na wako wasemao kwamba ni hisabati tu kama hisabati nyingine. Wametaka tuseme lililo haki.

Haifai kuhukumu kitu kabla ya kukijua, basi na tukijue kwanza. Mchoraji wa namna hii huanza kwa kupiga mstari ulio sawa na kimo cha macho yake mwenyewe. Akiwa amesimama katika uwanja tambarare, mstari huo hupita machoni mwa kila mtu wa kimo chake aliyesimama pale, awe karibu au awe mbali. Walio mbali miguu yao hupanda juu karatasini na miili yao hupungua, lakini macho yao hubaki juu ya mstari ule ule. Mchoraji akiketi chini, mstari hushuka pamoja naye, na watu wote wakawa warefu juu yake. Ama mnyama, yeye hana mistari iliyonyoka kama nyumba, kwa hivyo mafundi humtia kwanza ndani ya sanduku la kuwazia: huchora sanduku kwa kanuni, pande zake zikikaribiana kila ziendapo mbali, kisha huweka mabega upande wa mbele, nyonga upande wa nyuma, na kwato nne juu ya sakafu ya sanduku, kila ukwato mahali pake. Wengi hushindwa hapa. Hupanga kwato zote juu ya mstari mmoja, na mnyama akaonekana aelea hewani kama kitambaa kilichoanikwa.

Sasa angalia, ewe ndugu msomaji, jambo la ajabu. Ili ng'ombe yule aonekane wa kweli, mchoraji amelazimika kuupunguza urefu wa mgongo wake. Mgongo ambao kwa dhiraa ni mrefu kuliko kichwa mara nyingi, karatasini umekuwa mfupi kuliko kichwa. Je, huu si uongo? Twasema: si uongo, kwa kuwa mchoraji hakusema «ng'ombe yuko hivi», amesema «ng'ombe aonekana hivi kwa mtu aliyesimama hapa». Na khabari ya namna hii inakubaliwa katika lugha na katika Qur'ani. Katika Suratul-Kahf imesimuliwa kwamba Dhul-Qarnayn alilikuta jua likitua katika chemchemi yenye tope, na wafasiri wakubwa, miongoni mwao Ibn Kathir, wameeleza kuwa hilo ni kwa mujibu wa lilivyoonekana na mwenye kutazama, wala si kwamba jua huingia ndani ya maji. Msema kweli aweza kueleza kitu kilivyo, na aweza kueleza kionekanavyo, maadamu msikilizaji ajua ni lipi katika mawili linalokusudiwa.

Wala ndugu zetu wasidhani kwamba ilimu hii ni ya kigeni tangu shina lake. Al-Hasan bin al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu mwaka 965 na kufa Misri karibu mwaka 1040, ndiye aliyebainisha katika Kitab al-Manadhir kwamba jicho halitoi miali kwenda kwenye kitu, bali nuru ndiyo itokayo kwenye kitu ikaingia jichoni. Akaeleza pia kwamba umbali hauonwi kwa jicho peke yake: akili huupima kwa vitu vilivyopangika juu ya ardhi baina ya mtu na kile akitazamacho. Na sehemu nzima ya kitabu hicho, ya tatu katika saba, ameitenga kwa makosa ya jicho. Yeye hakuandika kwa ajili ya wachoraji. Lakini kitabu kilifasiriwa kwa Kilatini, kisha kwa Kitaliana, na Ghiberti, fundi wa masanamu wa Florence, alichota humo katika maandishi yake. Katika mji huo huo Alberti aliandika mwaka 1435 jinsi ya kuitumia kanuni ya mitazamo, akawashauri wachoraji watundike kitambaa chembamba chenye nyuzi za miraba baina yao na mtu wamchoraye, wapate kujua kila kiungo kimeangukia mraba upi.

Tukirudi kwenye hukumu, sisi hatutaificha khitilafu ya wanavyuoni. Hadithi za kuwaonya wenye kufanya sura za viumbe vyenye roho ni sahihi, zimo katika Bukhari na Muslim, na sababu iliyotajwa ndani yake ni kushindana na uumbaji wa Mwenyezi Mungu. Imepokewa kwa al-Qasim bin Muhammad, mjukuu wa Sayyidna Abubakar na mmoja wa mafakihi saba wa Madina, kwamba hapana ubaya kwa sura isiyokuwa na kivuli, yaani iliyo juu ya kitambaa au ukuta. Imam Nawawi, ambaye ndiye tegemeo la madhehebu yetu, ameikataa kauli hiyo kwa ukali. Na Ibn Hajar, baada yake, akasema kwamba imethubutu kwa al-Qasim kwa sanadi sahihi. Katika zama za karibu, Sheikh Muhammad Abduh, aliyefariki mwaka 1905, aliona kwamba pasipokuwa na khofu ya ibada ya masanamu michoro ina faida isiyokanika, na maneno yake yakatoka katika al-Manar, jarida lililosomwa hata hapa Mombasa. Hatumfuati Sheikh Abduh kwa kila jambo, lakini hapa amesema la kuzingatiwa.

Mtu mwerevu aweza kusema: mchoro wa mitazamo una kivuli, kwani mchoraji hutia weusi chini ya tumbo la ng'ombe na upande wa shingo, basi umetoka katika ruhusa ya al-Qasim. Jawabu ni kwamba kivuli walichokikusudia wanavyuoni ni kile kinachoangushwa na mwili mbele ya taa. Kivuli cha wino hakiangushwi na kitu; lete taa upande wa pili, nacho hakihami. Na hapa ndipo twaona kwamba kanuni hii haimzidishii mchoraji kiburi cha kuumba, bali yampunguzia. Ng'ombe wa Mwenyezi Mungu wamzunguka pande zote, na kila upande yuko kamili. Ng'ombe wa karatasi yuko sawa kwa jicho moja lililosimama mahali pamoja. Sogea ubavuni, naye apindika. Mwenye kuifanya kazi hii kwa uaminifu hukumbushwa kila siku kwamba amepata sura ya kuonekana tu, tena ya upande mmoja.

Hata hivyo iko hatari, nayo ni nyingine kuliko wanavyodhani watu wa nyumba ile. Mwaka 1515 Sultani wa Gujarat alimtoa zawadi kifaru wa Kihindi kwa Wareno, akafikishwa Lisbon. Albrecht Dürer, mchoraji mashuhuri wa Nuremberg, hakumwona. Alipata maelezo na mchoro wa mtu mwingine, akachonga picha juu ya ubao: ngozi kama deraya za askari, vivuli vyenye kuonyesha unene wa kila kipande, na pembe ndogo ya pili mgongoni karibu na shingo, ambayo kifaru hana. Mnyama mwenyewe alizama na jahazi mwaka 1516. Picha ilibaki, na kwa zaidi ya miaka 200 vitabu vya wanyama vya Ulaya viliinakili pamoja na ile pembe, kwa sababu imechorwa kwa nguvu kiasi ambacho hakuna aliyethubutu kuitilia shaka.

Mlinganishe na Mansur, mchoraji wa Sultani Jahangir wa India. Mwaka 1621 aliletwa kwa Jahangir punda milia kutoka pande za Uhabeshi. Watu walipomwona walidhani amepakwa rangi, hata akachunguzwa ikajulikana kwamba ndivyo alivyoumbwa. Mansur akamchora wa ubavuni, hana kanuni ya mitazamo hata kidogo, lakini kila mlia aliutazama. Picha hiyo iko London katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, na mtu wa Tsavo akiitazama leo atamjua mnyama wake. Katika wawili hawa, aliyefasihi zaidi mkono ni Dürer, na aliye mwadilifu zaidi ni Mansur.

Kwa hivyo sisi twamhesabu mchoraji kuwa shahidi, na kanuni ya mitazamo kuwa ufasaha wake. Kadhi hamkatai shahidi kwa kuwa ni fasihi, wala hamkubali kwa hilo peke yake, humuuliza: uliona? Ulisimama wapi? Uliongeza neno? (Farasi wa mbawa katika vitu vya kuchezea vya Bibi Aisha, aliomchekesha Mtume, rehema na amani zimshukie, hawaingii hapa, kwani kitu cha kuchezea hakitoi ushahidi.) Basi mtoto yule asichaniwe karatasi yake. Mchoro wa kujifunzia na ukae ndani ya daftari. Usitundikwe mahali pa kusalia, na hilo ni sawa kwa ng'ombe wa mitazamo na kwa ng'ombe wa safu. Na babake amtume zizini akamtazame ng'ombe mwenyewe kabla ya kumtia sandukuni.

Imebaki suala moja ambalo wanadarasa waliliongeza. Siku hizi kompyuta hutoa picha za watu na wanyama ambazo mitazamo yake haina dosari, na watu huzipeleka kwa simu kutoka mtaa hadi mtaa wakisema «tazama lililotokea». Mashine haikusimama uwanjani, haina kimo cha macho, wala haiwezi kuapishwa. Maswali matatu ya kadhi humrudia yule aliyeipeleka.