Amana ya Mpangaji

Neno amana limesafiri mbali katika lugha yetu. Leo watu huiweka benki, na baadhi ya wenye nyumba huidai juu ya kodi. Lakini kabla haijawa fedha, amana ilikuwa tabia, yaani kukaa na kitu cha mwenzio kama kwamba yumo humo ndani anakutazama. Mafakihi wetu husema mkono wa mpangaji ni mkono wa amana: nyumba ikiharibika pasi na yeye kuvuka mpaka wala kuzembea, halipi, akivuka au akizembea, hulipa. Basi mtu anapofunga virago, lipi ni lake na lipi la mwenye nyumba?

Swali hili laulizika vyema Kibaha, makao makuu ya Mkoa wa Pwani, yapata kilomita 40 kutoka Dar es Salaam kwa Barabara ya Morogoro. Ni mji wa wajao na waendao. Mradi wa nchi za Nordiki ulianza hapo mwaka 1963, ukazaa Shirika la Elimu Kibaha, na tangu hapo walimu na wauguzi wamekuwa wakihamishiwa na kuhamishwa. Maili Moja, Kwa Mathias na Picha ya Ndege hupokea pia wenye kazi Dar na malazi huku.

Sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti kodi za nyumba Tanzania Bara ilifutwa mwaka 2005. Imebaki Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ambayo humtaka mpangaji airudishe nyumba kama alivyoipokea, isipokuwa uchakavu wa kawaida. Maneno mazuri. Lakini nani aikumbukaye nyumba ilivyokuwa? Twaita shahidi siku ya kuhesabu fedha. Siku ya kukabidhi ufunguo hatumwiti mtu. Sakafu iliyopauka kwa nyayo za watoto ni umri wa nyumba, na umri haulipiwi. Kitasa kilichovunjwa, deni la maji, taka zilizoachwa uani, hayo ni ya anayehama, na kuyakimbia usiku ni kuiba.

Lililo zito zaidi ni kodi ya mbele. Huko, kama ilivyo miji mingi ya Bara, mpangaji hutakiwa kutoa ya miezi sita, pengine ya mwaka, na mara nyingi fedha hiyo haikai: siku ya pili imekwisha kuwa saruji na mabati ya chumba kingine. Tuseme muuguzi amehamishwa mwezi wa nne. Mwenye nyumba atasema sina, na huenda asema kweli. Lakini kutokuwa nacho huahirisha deni, hakulifuti. Iwapo chumba kimepata mtu mwingine kabla ya miezi hiyo kwisha, mwenye nyumba amekula kodi mbili kwa paa moja, na ya kwanza si yake tena. Iwapo kimekaa kitupu, naona haki inamwelemea mpangaji, kwani miezi sita aliiahidi mwenyewe; ila aliyetoa taarifa mapema, akamruhusu dalali aonyeshe chumba yeye akiwamo, amestahiki kusikilizwa zaidi ya hapo. (Na dalali, ambaye hupokea kodi ya mwezi mzima kwa kuonyesha mlango, katika mizozo hii haonekani kamwe.)

Kisha kuna mti. Mpangaji wa miaka minane amepanda mwembe uani, na sasa unazaa. Mwanasheria atasema mti hufuata ardhi. Sisi wa visiwani na mwambao hatujawahi kuridhika sana na jibu hilo: Unguja na Pemba mnazi umeweza kuwa wa mtu na ardhi ikawa ya mwingine, na Mombasa zipo mitaa ambamo mtu anamiliki nyumba na kuilipia kodi ardhi iliyo chini yake. Kwa hiyo hatuwezi kumwambia yule wa Kibaha kwamba jasho lake limezama mchangani likawa la mwenye mchanga. Kuung'oa ni uharibifu, hilo sina shaka nalo. Lakini mwenye nyumba atakayepandisha kodi ya mpangaji ajaye kwa ajili ya kivuli kile anauza kitu ambacho hakukinunua. Afadhali angemwita aliyehama, msimu wa maembe ukifika, aje na kikapu chake.