CHAKULA KIGUMU: KUPAMBANUA MEMA NA MABAYA

Masomo: Waebrania 5:11-14, 1 Wafalme 3:5-14, Mwanzo 50:15-21



Mwandishi wa Waebrania anawakemea watu waliookoka siku nyingi lakini bado wananyonya. Kwake, mtu mzima wa kiroho ni yule ambaye akili yake imezoezwa kupambanua mema na mabaya. Angalieni neno hilo, kuzoezwa. Uwezo huo haushuki siku ya ubatizo. Unakuja polepole, kama mkono wa mkulima unavyozoea jembe. Basi kila mmoja ajiulize: mimi nimefika wapi?

1. MTOTO: Mema ni yale yanayonifurahisha.
Mtoto akipewa sukari, mama ni mwema. Akipelekwa kuchomwa sindano, mama ni mbaya. Kuna watu wazima wanaopima hivyo hivyo. Mwaka 2023 kaya za wakimbizi hapa Uganda ziligawanywa katika makundi matatu, na kundi la tatu likaondolewa mgao. Kupunguziwa chakula ni mateso ya kweli, na kulia mbele za Mungu si dhambi. Lakini jirani yako aliyebaki kwenye orodha hakukuondoa wewe. Ukimchukia kwa sababu yeye anakula, unapima kwa tumbo.

2. KIJANA: Mema ni ya kwetu, mabaya ni ya wale.
Hapa ndipo wengi tumekwama. Aliyeniumiza alikuwa wa kabila fulani, basi kabila lote ni baya. Lakini fikirini historia ya ardhi hii tunayolima. Nakivale ilianza kupokea wakimbizi mwishoni mwa miaka ya 1950, na waliojaa hapa wakati huo walikuwa Wanyarwanda waliokimbia mauaji yaliyoanza 1959. Baada ya 1994 wengi wao walirudi kwao. Na baada ya 1994 hiyo hiyo wakaja Wanyarwanda wengine, wa upande ule mwingine, wakajenga na kulima hapa hapa. Kisha Wakongomani, Warundi, Wasomali na wengine. Nakivale imempokea aliyekimbia, na baadaye ikampokea mtoto wa yule aliyekimbiwa. Wote walikuja na kigodoro kichwani, wote walikunywa maji ya ziwa moja. Kama ubaya ungekuwa wa kabila moja, ungebaki upande mmoja. Haukubaki.

3. MTU MZIMA: Mema ni yale Mungu anayoyaita mema.
Sulemani alikuwa tayari mfalme alipomwambia Mungu kwamba yeye ni mtoto mdogo. Hakuomba mali wala kifo cha adui zake. Aliomba moyo wa kupambanua. Anayejijua kuwa bado mtoto ameanza kukua.

Wengine husema, "Pasta, nimekomaa, siku hizi sioni mtu mbaya." Hapana! Huko si kukomaa, ni kuchoka. Isaya 5:20 inawatangazia ole wale wanaogeuza ubaya kuwa wema. Yusufu aliwasamehe ndugu zake, lakini hakusema walifanya vema. Aliuita ubaya kwa jina lake, kisha akaonyesha Mungu alivyoutumia kuokoa watu wengi. Tena angalieni ni nani aliyesema maneno hayo: aliyetupwa shimoni mwenyewe, baada ya miaka mingi. Usimwendee mjane ambaye nyumba yake ilichomwa Kivu ukamwambia kwamba Mungu alikuwa na mpango mzuri. Neno hilo ni lake kulisema, siku atakapoweza. Kazi yako ni kuketi naye na kumchotea maji.

Mtu mzima huwa mkali zaidi kwa watu wa kwake. Anayewauzia wajane nafasi ya uongo ya kwenda Marekani, tusimwite mjanja. Ni mwizi, hata akiwa wa lugha yetu, hata akitoa sadaka kubwa. Na ukilazwa hospitali Mbarara, kisha mgonjwa wa kitanda cha jirani, wa kabila lile unalolichukia, akakugawia uji wake, usitafute sababu ya siri. Sema: huu ni wema. Msamaria hakubadili kabila kabla ya kumsaidia aliyepigwa.

MAZOEZI YA JUMA HILI
Kwanza, taja mbele za Mungu jambo moja baya lililotendwa na watu wa kwenu, bila kulitetea. Pili, taja jambo moja jema ulilotendewa na mtu wa upande ule, bila kulipunguza. Tatu, mweleze mtoto wako hilo la pili. Watoto waliozaliwa hapa hawakuiona vita yetu. Watachukia wale tu tunaowafundisha kuwachukia, na siku moja watakuwa na jembe au panga mkononi.

Bwana atupe moyo ule aliouomba Sulemani. Amina.

Mchungaji wenu