Je, Aliyekataliwa Kupunguziwa Azabu Aombe Tena?



Hapa Kabondo-Dianda swali hili linarudi kila tunapoongea juu ya wafungwa: mtu akiisha kuomba apunguziwe miaka, na waamuzi wakakataa, je, kuomba tena si kushindana na mapenzi ya Mungu? Wengine wanasema anyamaze. Sisi hatuoni hivyo. Mama mjane wa Luka 18 alimrudia mwamuzi mara nyingi, na Bwana hakumlaumu. Lakini tuangalie vizuri: mjane yule aliomba haki yake. Mwenye hatia anaomba rehema, na rehema haidaiwi kama deni.

Tazameni wana wawili wa Ituri. Mahakama ya kimataifa ya La Haye ilimpa Thomas Lubanga miaka 14 mwaka 2012, kwa kuingiza vitani watoto wasiofika miaka 15. Germain Katanga alipata miaka 12 mwaka 2014, kwa shambulio la Bogoro. Sheria yao inataka azabu itazamwe tena mfungwa akiisha kumaliza mbili ya tatu. Mwaka 2015, mwezi wa Septemba, Lubanga alikataliwa. Mwezi wa Novemba Katanga akapunguziwa miaka 3 na miezi 8. Waamuzi waliona kwamba Katanga amekubali kosa na kuwahurumia walioumizwa. Lubanga alitazamwa tena mwaka 2017, akakataliwa mara ya pili. Alimaliza miaka yote 14, akatoka Machi 2020.

Mtu atauliza: na yule anayelia ili atoke tu? Ndiyo, yuko. Moyo hatuuoni, wala waamuzi hawauoni, wanatazama matendo. Kwa hiyo anayerudi kuomba asirudi na maneno yaleyale, alete kilichobadilika. Nasi tunaomwombea tusimsahau mama wa Bogoro aliyepoteza watoto wake. Naye ana neno, na huku kwetu ni mara chache anaulizwa.

Tena, kupunguziwa si kutoka. Siku ya Katanga ilifika tarehe 18 Januari 2016, lakini akabaki gerezani Kinshasa, kwa maana serikali yetu ilimfungulia mashitaka mengine.

Na Simon Kimbangu? Alihukumiwa kufa Oktoba 1921. Mfalme Albert wa Ubelgiji akabadilisha, ikawa kifungo cha maisha. Alifia kifungoni Elisabethville, katika Katanga yetu hii, tarehe 12 Oktoba 1951, baada ya miaka 30. Waamuzi wa leo wangemwuliza kama amejutia kosa lake. Yeye angejutia nini?